Si Kila Kisichooza ni Akiba

Ndugu wasomaji, liko swali dogo ambalo watu wengi hawalioni kuwa ni swali, maana huonekana kama kazi ya ufagio tu. Mtoto amekua. Amekwenda shule ya bweni, au ameolewa, au amepata kazi Morogoro au Dar es Salaam. Lakini vitu alivyovichezea vingali nyumbani kwa wazazi wake, ndani ya kikapu mvunguni mwa kitanda, au ndani ya gunia darini: gari lililopotewa na magurudumu mawili, mtoto wa bandia aliyeng'oka mkono, filimbi isiyolia tena. Siku ya kusafisha nyumba mama huvitoa nje, huvitazama, huvipangusa vumbi, kisha huvirudisha palepale. Baba huuliza, “Vyatufaa nini vitu hivi?” Mama hana jibu, wala hata hivyo havitupi. Je, mama huyu afanya vema au vibaya? Na baba akivitupa siku ambayo mama hayupo, amekosa au hakukosa? Hayo ndiyo tutakayoyafikiri pamoja mwezi huu.

Yafaa tuanze na habari za zamani katika bonde letu hili la Kilombero. Wazee waliokulia kando ya mto hawakununuliwa vichezeo. Kichezeo kilitengenezwa na mtoto mwenyewe kwa vitu vilivyokuwapo: ng'ombe na vyungu vya udongo wa mtoni, gari la mabua ya mtama, mpira wa matambara uliokazwa kwa kamba za mgomba, mtoto wa bandia wa gunzi la hindi, na mtumbwi mdogo wa mti mwepesi, uliochongwa kwa kuwaiga Wandamba, ambao ni mafundi wa mitumbwi na uvuvi. Watoto walivichezea huko mashambani, chini ya dungu, walipotumwa kuwinga ndege wasile mpunga.

Kisha ilikuja masika. Tangu mwezi wa Machi hata Mei mto hupanda, na maji hutanda uwandani kote. Ng'ombe wa udongo waliyeyuka wakarudi kuwa tope. Mabua yaliliwa na mchwa. Mtumbwi mdogo ulichukuliwa na maji. Mwaka uliofuata mtoto alifinyanga ng'ombe wengine, na mwaka wa tatu tena. Ukaja mwaka asifinyange, kwa kuwa ameshika jembe la kweli. Hapana aliyeijua siku ile utoto wake ulipokwisha. Hapana mama aliyeketi akiwa na kikapu magotini akiulizana na moyo wake kama atupe au aweke. Mvua ndiyo iliyoamua, na mchwa ndio walioamua, na uchungu wa kuamua haukumpata mtu.

Leo mambo yamegeuka. Reli ya TAZARA, iliyomalizika kujengwa katikati ya miaka ya 1970, ilipita Ifakara ikaleta bidhaa za mbali. Mwaka 2018 lilifunguliwa Daraja la Magufuli juu ya mto Kilombero, mahali palipovukwa hapo kwanza kwa kivuko, na sasa mizigo yaenda hata Mahenge na Malinyi pasipo kungojea ng'ambo. Pamoja na mizigo hiyo vyaja vichezeo vya plastiki vilivyotengenezwa China na kupitia maduka ya Kariakoo. Ni vya bei ndogo, vina rangi za kupendeza, na watoto huvifurahia, wala si vibaya wafurahi. Lakini vina tabia moja ambayo vichezeo vya babu zetu havikuwa nayo: haviozi. Mchwa hawavili, mvua haiviyeyushi, nao mto ukivichukua hauvimalizi. Basi hukumu iliyokuwa ya mvua sasa imekuwa yetu. Ni kazi mpya, ambayo wazee wetu hawakuwa nayo, na kwa hiyo hawakutuachia desturi ya kuifanya. Ndiyo sababu mama na baba hushindwa kusikilizana juu ya gunia moja.

Watu wengi hujibu upesi, na majibu yao ni mawili.

Wa kwanza husema, “Tupa vyote.” Nao hutaja habari ya Mtume Paulo, alivyowaambia Wakorintho kwamba alipokuwa mtu mzima aliyaacha mambo ya kitoto. Lakini tusome vema. Paulo ataja kusema kwake, na kufahamu kwake, na kufikiri kwake. Haneni habari za kikapu cha vichezeo. Tena yale aliyoyaacha yalikuwa yake mwenyewe, akayaacha yeye mwenyewe, wakati wake ulipotimia. Hasemi kwamba mtu mwingine aliingia chumbani akamwondolea. Wala haifai kudhani kwamba watu wazima wenye kazi kubwa hawana nafasi ya kukumbuka vichezeo. Mwezi Juni mwaka 1530, wakati mambo mazito ya kanisa yalipokuwa yakijadiliwa huko Augsburg, Martin Luther alikuwa katika ngome ya Coburg. Kutoka huko alimwandikia mwanawe Hans, mtoto wa miaka minne, barua ya kumweleza bustani moja nzuri ambamo watoto hupanda farasi wadogo na kuchezea filimbi na ngoma. Yule aliyesumbukia mambo ya wafalme alijua pia mtoto apenda nini.

Wa pili husema, “Weka vyote, maana akiba haiozi.” Mithali hii ni ya kweli, nayo imeokoa nyumba nyingi wakati wa njaa. Lakini angalieni ilitoka wapi. Ilitoka kwa watu wenye ghala. Mpunga ulioachwa ovyo huoza. Huitwa akiba kwa sababu mtu ameutunza kwa ajili ya siku utakapoliwa au kupandwa. Kila akiba ina siku yake ya kutumika. Kitu ambacho hakina siku yoyote ya kutumika, hata kikikaa miaka 100 ndani ya gunia, hakiwi akiba kwa kukaa huko. Akiba haiozi, naam. Lakini si kila kisichooza ni akiba.

Hapo mama atajibu, na neno lake lataka heshima: “Mimi siviweki vitumike. Naviweka nisisahau.” Hili ndilo shina la jambo lenyewe. Mama hapendi plastiki. Ampenda mtoto aliyeishika. Aogopa kwamba siku gari lile litakapotoka nyumbani, yule mvulana wa miaka mitano, aliyelivuta kwa kamba uani na kuunguruma kwa kinywa chake, atatoka pamoja nalo, asionekane tena. Maana yule mtoto wa miaka mitano hayupo. Aliyepo ni kijana mwenye sauti nzito ambaye huja nyumbani wakati wa likizo na kulala hata saa tatu za asubuhi. Kila mzazi amepotewa na mtoto kwa namna hii, hata kama watoto wake wote wa hai, nao msiba huu hauna matanga.

Je, hofu hiyo ni ya kweli? Twaweza kuwauliza wazee wetu. Mzee aliyezaliwa kabla ya mwaka 1945 hana hata ng'ombe mmoja wa udongo aliyebaki. Vyote vilikwenda na maji. Lakini mwulize, nanyi mtamwona akiinua vidole vyake na kuwaonyesha jinsi pembe zilivyobanwa, na jinsi walivyowapanga ng'ombe kivulini, na nani aliyekuwa na kundi kubwa, na nani aliyeiba ndama. Masika mengi yamepita juu ya bonde hili, wala hayakuyachukua hayo. Basi ukumbusho haukuwa ndani ya udongo. Ulikuwa ndani ya mkono uliofinyanga na kinywa kinachosimulia.

Hata hivyo tusizidishe, tukasema kwamba kitu si kitu. Mtu akiliona gari lile baada ya miaka kumi, mambo aliyokuwa ameyasahau huja ghafula, hata harufu ya uga baada ya mvua. Kichezeo hubisha hodi, na moyo hufungua. Lakini mbisha hodi si mwenye nyumba. Tena, ili mlango ufunguliwe, mbisha hodi mmoja atosha. Hapana haja ya kuwaweka arobaini barazani. Mtazameni mama yule: afungua gunia lake mara ngapi kwa mwaka? Mara moja, siku ya kufagia. Na watoto wadogo wa nyumba ile, je, wajua gari lile lilikuwa la nani? Mara nyingi hawajui, kwa kuwa hawakuambiwa. Mama huyo akifa, jamaa watalitupa gunia zima pasipo kulitazama. Hivyo gunia, alilodhani kuwa mlinzi, halilindi neno lolote. Angesimulia habari moja kila jioni ya Jumapili, angekuwa ameweka akiba ya kweli, maana habari iliyosimuliwa ina siku ya kutumika.

Sasa tuje kwa baba, kwa kuwa naye ana shauri lake. Nyumba zetu ni ndogo, na vitu vyazidi. Ni kweli pia kwamba walio hai wahitaji nafasi ya kulala. Lakini kabla ya kuuliza kama kitu chafaa au hakifai, liko swali la kwanza: ni cha nani? Mara nyingi jambo hili hutokea. Mwana yuko shuleni. Mnunuzi wa vyuma chakavu apita na mizani yake, na mzazi ampa gari la waya lililokuwa limening'inizwa ukutani, apate shilingi chache. Gari lile mwana alilitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Alitafuta waya, akakata kandambili kuukuu kuwa magurudumu, akafanya usukani mrefu wa kuendeshea. Huenda hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya akili yake. Mwana arudipo na kuuona ukuta mtupu hasemi neno, kwa kuwa yeye ni mkubwa sasa, naye aona haya kulilia kichezeo. Lakini amefunzwa jambo: kwamba mali ya mnyonge huchukuliwa pasipo kuulizwa. Twawafundisha watoto wasiguse kisicho chao. Haifai fundisho hilo likome mlangoni pa mzazi. Mtoto aulizwe, hata akiwa na miaka minne tu. Akiulizwa kwa upole huweza kutoa zaidi kuliko tulivyodhani. Akinyang'anywa hushika yaliyobaki kwa nguvu maradufu.

Watu wengine katika dunia waliona tangu zamani kwamba kuagana na vichezeo ni jambo linalotaka taratibu. Wayunani wa kale walikuwa na desturi kwamba msichana aliyekaribia kuolewa alipeleka vichezeo vyake na bandia zake hekaluni kwa Artemi, yule atajwaye katika Matendo ya Mitume kwa habari za Efeso. Sisi hatumwabudu Artemi. Lakini tutambue hekima iliyokuwamo: msichana alivipeleka yeye mwenyewe, siku iliyojulikana, mbele ya watu wake. Havikupotea usiku.

Na karibu na kwetu, miongoni mwa Wazaramo na majirani zao Wakwere na Waluguru, ilikuwapo sanamu ndogo ya mti iitwayo mwana hiti. Haikuwa kichezeo tu. Ilikuwa ya unyago na ilikuwa na maana zake. Mwali alipowekwa ndani alipewa aitunze kama mtoto. Lakini alipotoka hakuifungia sandukuni mwake milele. Ilikuwa ya ukoo, ikatunzwa na wakubwa, ikangoja mwali mwingine. Kitu hicho kilidumu miaka mingi kuliko vichezeo vyetu vyote vya gunia, na kilidumu kwa sababu kilipita mkononi mwa mmoja hata mwingine. Hapo twaona njia ya tatu, ambayo si kutupa wala kuficha: kupokezana. Gari la plastiki lililo zima halijamaliza kazi yake kwa kuwa mwana wako amekua. Yuko mtoto nyumba ya tatu anayevuta kopo tupu kwa uzi. Mpelekee, tena mpe na habari yake, “Hili lilikuwa la kaka yako fulani, alilipenda mno.” Hivyo kichezeo hupata siku ya kutumika, na jina la mwenyewe huenda pamoja nacho.

Lakini liko jambo gumu kuliko yote, nalo hatuwezi kulipita. Tuseme mtoto hakukua. Tuseme homa ilimchukua akiwa na miaka mitano, na kikapu kimebaki. Hapa ufagio usinyanyuliwe upesi. Wako jamaa ambao, kwa nia njema, huingia nyumbani baada ya matanga na kuondoa kila kitu cha marehemu, wakidhani kwamba mama asipoona hatalia. Huko ni kumfanyia mama msiba wa pili. Kikapu hicho kisiguswe na mtu pasipo neno lake, wala asiwekewe muda na majirani, wala asiambiwe kwamba machozi yake ni upungufu wa imani.

Hata hivyo, mpendwa ambaye kikapu hicho ni chako, kumbuka habari ya Hana, mama yake Samweli. Alimtoa mwanawe akae mbali naye, na kila mwaka alimshonea joho dogo akampelekea. Hakukaa nyumbani akilikumbatia joho la mwaka wa kwanza. Kila mwaka alipaswa kukisia, “Sasa mabega yake yamefika wapi?” na kukata nguo kubwa kidogo. Upendo wake ulikwenda pamoja na mtoto anayekua. Wewe huna mabega ya kupima tena, nasi hatutakudanganya kwamba yako. Lakini mikono ile iliyojua kumtunza ingali na kazi. Wako waliocheza naye, nao wakua. Siku utakapoweza, mwite mmoja wao, umwache achague kimoja katika kikapu. Kingine kiweke kwako, kile alichokipenda kuliko vyote, kisikae mvunguni bali mahali unapoweza kukiona na wageni waweza kuuliza, nawe upate nafasi ya kulitaja jina lake. Siku hiyo isipofika mwaka huu, isifike; hakuna atakayekuhesabia.

Na vile vilivyovunjika kabisa, ambavyo havimfai mtoto wala havibishi hodi kwa mtu? Hivyo viondoke, lakini tuangalie viendako. Visitupwe mtoni, maana Kilombero huungana na Luwegu kuwa Rufiji, nao Rufiji huingia Bahari ya Hindi mkabala wa kisiwa cha Mafia. Kitu tulichokitupa Ifakara chaweza kunaswa katika wavu wa mvuvi wa deltani. Visichomwe uani, maana moshi wa plastiki una sumu, na watoto ndio wa kwanza kuuvuta. Wala visirundikwe nyuma ya jiko. Tangu Profesa Rudolf Geigy wa Basel alipofika Ifakara mwaka 1949, na maabara ikaanzishwa katika miaka ya 1950 ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, mji wetu umejulikana kwa elimu ya mbu. Haifai basi sisi wenyeji tusijue kwamba mbu waletao homa ya dengi hutaga katika vyombo vidogo vyenye maji ya mvua, na gari lililolala chali ni chombo cha namna hiyo. Plastiki ikusanywe pamoja na taka za mji, au apewe mnunuzi wa plastiki kuukuu. Tena, kabla ya kununua kingine, tukumbuke kwamba kila tununuacho leo tutakiamulia kesho.

Twawasihi pia waalimu wa mitaa, ambao huingia katika nyumba nyingi, na wale wanaofundisha watoto siku ya Jumapili. Waiteni wazee waje wawafundishe watoto kufinyanga ng'ombe wa udongo na kujenga gari la mabua. Kazi hiyo haitaki fedha. Watoto watapata vichezeo ambavyo masika itavirudisha ardhini pasipo kumsumbua mtu, na wazee watapata mikono mipya ya kupokea ustadi wao. Ustadi huo ndio akiba, maana una siku ya kutumika kila mwaka maji yakipungua na udongo ukiwa laini.

Basi, ndugu, mtakapofungua kikapu, ulizeni kwa utaratibu: Ni cha nani, na je, mwenyewe ameulizwa? Yuko mtoto awezaye kukichezea? Habari yake imesimuliwa? Mkimaliza maswali hayo matatu, wekeni kimoja kwa furaha, na vingine viacheni viende kwa amani.